Kibuyu na Kijiko: Habari za Mtindi wa Viungo katika Ugogo

  Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kinywaji kimoja kilicho rahisi sana, yaani mtindi uliozimuliwa kwa maji, ukapekechwa, ukatiwa chumvi, jira na tangawizi. Ndugu zetu Wahindi wa Gujarati hukiita chaas. Huenda mtu akasema, je, kinywaji nacho kina historia? Naam, kinayo, tena historia yake yagusa afya ya watoto wetu, ndiyo sababu tumeona vema kuieleza.

Sisi twakaa Ipagala, kandokando ya mji wa Dodoma. Mwezi wa Oktoba katika nchi hii ni mwezi wa kiu. Mibuyu imesimama bila majani, upepo wachukua vumbi toka asubuhi hata jioni, na mvua yangojwa hata Desemba. Siku moja ya mwezi huo tuliwapa wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu kinywaji hiki, nao wakanywa wakafurahi. Mmoja wao akauliza, “Mwalimu, hiki ni cha Wahindi au ni chetu?” Wenzake wakacheka, wakidhani ni swali la mchezo. Lakini sisi tulipokwenda nyumbani tuliliwaza sana, tukaona kwamba mtu akitaka kulijibu kwa haki hana budi kuanza na ng'ombe mwenyewe.

Tazameni ng'ombe wa Mgogo. Ni mdogo wa umbo, ana nundu begani, tena anastahimili jua na majani makavu. Wataalamu wa wanyama humwita zebu. Asili ya ng'ombe wenye nundu ni upande wa Bara Hindi, katika bonde la mto Indus, ambako watu walianza kuwafuga yapata miaka 8,000 iliyopita. Baadaye, kwa njia za bahari na nchi kavu, kizazi chao kiliingia Afrika, kikachanganyika na ng'ombe waliokuwako hapa zamani. Basi kabla Mhindi wa kwanza hajafungua duka katika Ugogo, ng'ombe mwenye damu ya Bara Hindi alikuwa amekwisha kuwa mwenyeji zizini mwetu miaka mingi sana.

Na huko alikotoka, maziwa yake yalitumiwa tangu kale. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza habari za vigae vya vyungu vilivyochimbuliwa mahali paitwapo Kotada Bhadli, katika nchi ya Kutch huko Gujarati. Katika vigae hivyo walikuta mafuta ya maziwa yaliyonyonywa na udongo yapata miaka 4,500 iliyopita. Ikumbukeni nchi hiyo ya Kutch, kwa maana tutairudia.

Sasa natuje kwa Wagogo wenyewe. Mgogo ni mkulima wa uwele na mtama, lakini moyo wake uko zizini. Ng'ombe ndiye mahari, ndiye akiba, ndiye heshima ya nyumba. Maziwa hayanywewi yote siku yanapokamuliwa. Hutiwa katika kibuyu, yakaachwa yagande, kisha kibuyu husukwasukwa hata siagi ijitenge. Siagi hupikwa ikawa samli, na maziwa yaliyobaki hunywewa au huliwa kwa ugali. Wanafunzi watambue jambo hili: kamusi za zamani za Kiswahili huliandika neno “mtindi” kwa maana ya maziwa hayo hasa, yaliyokwisha tolewa siagi. Siku hizi twaliita mtindi hata ziwa lililoganda tu. Na chaas ya asili ya Wahindi ni nini? Ni maziwa yayo hayo yaliyobaki baada ya kutoa siagi. Basi neno la kukiita kinywaji hicho lugha yetu ilikuwa nalo tayari. Lililopungua ni jira na tangawizi tu.

Wageni waliopita nchi hii zamani za misafara waliyajua maziwa ya Ugogo. Njia kuu kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa katikati. Burton na Speke waliipita mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Wapagazi waliotoka Mpwapwa walipaswa kwanza kuivuka nyika ya Marenga Mkali, yaani maji machungu, ambako hapakuwa na maji ya kutosha. Waliposhika vijiji vya Wagogo walikuwa wamekauka koo. Watemi waliwatoza hongo kwa ruhusa ya kupita na kuteka maji, na wageni walinung'unika sana. Lakini mwenye kisima katika nchi kavu hawezi kulaumiwa kwa kukilinda kisima chake. Stanley mwenyewe aliandika kwamba huko Mvumi watu walileta kambini vyakula vingi vya kuuza, na miongoni mwavyo maziwa mabichi na machachu, asali na samli.

Wingi huo haukudumu. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika ya Mashariki ukafyeka ng'ombe. Zizi likikosa ng'ombe, mtoto hukosa maziwa, na mwaka wa ukame nyumba haina kitu cha kubadilisha kwa nafaka. Kisha ikaja vita ya 1914 hata 1918. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka, na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikakosa. Ndipo ilipoingia njaa kubwa ambayo Wagogo waiita Mtunya, iliyowaua watu kwa maelfu kati ya mwaka 1917 na 1920. Twaitaja njaa hii makusudi, ili vijana wasiyaone maziwa kuwa kitu cha anasa. Katika nchi ya mvua chache, kibuyu cha mtindi kimekuwa ukuta kati ya mtoto na kifo.

Sasa Wahindi walifikaje? Watu wengi hudhani kwamba wenye maduka wote ni watoto wa wale waliojenga reli. Sivyo. Kweli Waingereza walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi kujenga reli ya Mombasa hata Kisumu, kati ya mwaka 1896 na 1901. Lakini wengi wao walirudi kwao. Wafanya biashara walikuja kwa nauli zao, na wengi walitoka Gujarati na Kutch, nchi ile ya vigae tuliyoitaja. Tena walitangulia. Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897, alikuwa na duka kubwa Bagamoyo la kuwapa wenye misafara nguo, shanga na wapagazi. Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch, alianza kazi akiwa kijana kwa Sewa Haji, kisha akaeneza maduka yake kwenye njia za misafara hata Uganda. Nyuma ya watu hao wakubwa walikuja wadogo, mtu na mkewe, na gunia la chumvi na jora la kaniki.

Mji wa Dodoma ulianzishwa na Wadachi mwaka 1907, walipokuwa wakijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam. Reli yenyewe ilijengwa kwa mikono ya Waafrika wengi, ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Stesheni ilipokuwako, duka likafuata. Fedha ya nchi wakati huo ilikuwa rupia. Mgogo alileta ngozi, karanga na samli. Mwenye duka alimpa nguo, chumvi na majembe. Samli ilikuwa lugha waliyoielewa wote wawili. Mhindi aliipenda kwa mapishi yake, na Mgogo alijua kuitengeneza.

Hapo ndipo habari yetu inapofika penye maana. Nyuma ya duka palikuwa na ua, na katika ua palikuwa na mwanamke aliyefanya kazi ileile aliyoifanya mama wa Kigogo kijijini. Mmoja alitikisa kibuyu. Mwingine alipekecha chunguni kwa mti wenye meno, akiuzungusha kwa kamba au kwa viganja. Mmoja alitoa siagi, na mwingine vilevile. Maziwa yaliyobaki mmoja aliyatia katika ugali, na mwingine akayatia maji, chumvi na jira, akawapa watu wa nyumbani mwake pamoja na chakula cha mchana. Lakini palikuwa na tofauti moja kati yao, wala haikuwa ya viungo. Mama wa kijijini aliyagandisha maziwa mabichi. Mama wa uani aliyachemsha kwanza, kisha akayatia kijiko kimoja cha mtindi wa jana.

Kijiko hicho si jambo dogo, nasi twataka kuwaeleza kwa nini. Katika karne ya 19 askari wa Kiingereza waliokaa katika kisiwa cha Malta walipatwa na homa iliyokuja na kwenda, ikawaumiza viungo, ikawatoa jasho usiku, ikawadhoofisha kwa miezi. Mwaka 1887 daktari David Bruce aliona kijidudu kinacholeta homa hiyo. Ndiye Bruce yule aliyekuja baadaye Afrika, akachunguza habari za ndorobo na malale. Lakini hakuna aliyejua kijidudu hicho chatoka wapi, hata mwaka 1905 daktari wa Malta, Themistocles Zammit, alipokikuta katika mbuzi waliokamuliwa kisiwani. Askari walipokatazwa maziwa yale, homa ikapungua mara. Ugonjwa huohuo hukaa katika ng'ombe na mbuzi wa nchi zetu pia, ukawafanya watupe mimba. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho chaweza kumfikia mtu kwa njia ya maziwa mabichi. Msidhani kwamba uchachu wa kibuyu hutosha kuviua vijidudu hivyo. Hupunguza nguvu yao, lakini huwezi kuutegemea.

Hatusemi haya kwa kusoma vitabuni tu. Tulipokuwa watoto, mdogo wetu alishikwa na homa ya namna hiyo. Alipona wiki moja, akaugua wiki ya pili, akakonda akawa kama ukuti. Mganga wa hospitali alimwuliza mama swali moja, “Maziwa mnachemsha?” Mama akanyamaza, kwa kuwa hatukuwa tukichemsha. Akapewa dawa za mtoto na agizo la kuchemsha maziwa. Nyumbani mambo yakawa magumu. Bibi yetu alikataa katakata. Alisema, “Maziwa yaliyopikwa yamekufa. Yatie kibuyuni uone, hayatagandi, yataoza.” Mama akajaribu, na bibi akawa amesema kweli, yalioza. Basi mama akasimama kati ya mganga na mama mkwe wake, naye aliwaheshimu wote wawili.

Msaada ulitoka mahali asipotazamia. Alikwenda mjini kununua chumvi, akamweleza shida yake mke wa mwenye duka. Yule mama akacheka kidogo, akasema, “Dada, bibi amesema kweli. Yamekufa. Basi wewe uyafufue.” Akampeleka uani, akamwonyesha chungu chake, akampa mtindi kidogo katika kikombe, akamwambia auchanganye na maziwa yaliyochemshwa yakapoa, tena kila siku asisahau kubakiza kijiko kimoja cha kesho. Mama akafanya hivyo. Asubuhi maziwa yaliganda kama jibini. Akampelekea bibi kwa mikono miwili, wala hakusema neno. Bibi akaonja, akaonja tena, akasema, “Haya. Leteni kibuyu changu nacho kioshwe kwa maji ya moto.” Mdogo wetu alipona, na hata leo yu hai, ana watoto wake.

Elimu yaeleza vizuri maneno ya bibi. Maziwa mabichi huganda yenyewe kwa kuwa mna vijidudu vya namna nyingi, vyema na vibaya. Vile vyema hula sukari ya maziwa vikaigeuza kuwa uchachu, na uchachu ndio unaoyagandisha. Ukichemsha, wabaya hufa na wema hufa pamoja nao. Kwa hiyo hapana budi kuwarudisha wale wema peke yao, nao wamo katika kijiko cha jana. Tena kwa kuwa sukari ile imekwisha liwa kwa sehemu, mtu ambaye tumbo lake husumbuliwa na maziwa matamu aghalabu huweza kunywa mtindi bila taabu.

Sasa twaeleza namna ya kufanya, ili kila nyumba iweze. Chukua lita moja ya maziwa, uchemshe hata yafure, kisha uyakoroge kidogo motoni. Yaache yapoe hata uweze kutia kidole safi na kuhesabu mpaka kumi bila kuungua. Tia vijiko viwili vya chakula vya mtindi wa jana, ukoroge polepole, ufunike kwa kitambaa safi, uweke mahali pasipo upepo. Miezi ya Juni na Julai, wakati wa baridi ya Dodoma, kifunge chungu katika blanketi. Usikitikise. Ukiweka jioni, asubuhi yameganda.

Kabla ya lolote, ondoa vijiko viwili uviweke kwa kesho. Kisha tia kikombe kimoja cha mtindi katika chungu, na vikombe viwili vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji nayo yachemshwe, kwa maana haifai kuyaosha maziwa kisha ukayachafua kwa maji ya kisima. Pekecha kwa upekecho hata povu lipande juu. Kaanga jira kidogo katika kikaango kikavu mpaka inukie, uitwange. Tia nusu kijiko cha chai cha jira hiyo, chumvi kiasi, na kipande cha tangawizi kilichotwangwa, cha ukubwa wa ncha ya kidole. Ukiwa na majani ya kotmiri au nanaa, yakate uyanyunyize juu. Wengine huunguza punje za haradali na chembe ya mvuje katika kijiko cha samli, wakaimimina humo. Ni vizuri, lakini si lazima. Asiye na viungo atie chumvi tu, naye hajakosa kitu kikubwa.

Usiwe na huzuni kama huna barafu. Mimina kinywaji katika mtungi wa udongo, uuweke kivulini penye upepo. Maji hupenya kidogo katika udongo, yakakauka kwa nje, na katika kukauka huchukua joto la ndani. Katika nchi kavu kama yetu mtungi hufanya kazi hiyo vizuri kuliko pwani penye unyevu. Ukame uliotunyima mvua umetupa jambo hili moja. Kinywaji kinywewe siku ileile.

Kabla hatujamaliza, twataka kumrudia ng'ombe. Katika kituo cha mifugo cha Mpwapwa, kilichoanza mwaka 1905, wataalamu walifanya kazi miaka mingi ya kumpata ng'ombe wa kustahimili ukame wa kati ya nchi huku akitoa maziwa zaidi. Walichanganya damu ya zebu wetu na ya ng'ombe wengine, na sehemu kubwa walichukua Red Sindhi na Sahiwal, kabila mbili za ng'ombe wa upande wa Indus. Ndivyo alivyopatikana ng'ombe aitwaye Mpwapwa. Kwa hiyo ng'ombe wa Indus aliitwa mara ya pili, naye akaja akamkuta ndugu yake aliyetangulia.

Basi twamjibu mwanafunzi wetu. Ng'ombe alitoka huko, akawa wetu. Kibuyu ni chetu. Jira ililetwa na wenye maduka. Kijiko cha jana kilitoka katika ua wa jirani, kikamponya mtoto wa Kigogo. Mtu akitaka kukigawa kinywaji hiki, aseme tone hili ni la nani na lile ni la nani, atakuta chungu kitupu. Sisi twaona kwamba kinywaji ni cha yule anayekitengeneza kwa usafi na kumpa mwenzake.

Leo Dodoma ni jiji, tangu mwaka 2018, nayo Ipagala imejaa nyumba mpya. Soda zauzwa kila pembe, na vijana wengine huona haya kuonekana na kibuyu. Twawasihi walimu wenzetu mlifundishe jambo hili shuleni, si kwa maneno tu bali kwa chungu na moto. Nanyi akina mama, msiwadharau bibi zenu wasemapo kwamba maziwa yaliyopikwa yamekufa, kwa kuwa wamesema kweli. Lakini msiishie hapo. Chemsheni, kisha mtie kijiko. Na kila jioni, kabla ya kulala, ulizeni kama kijiko cha kesho kimewekwa.

Kwaherini, wasikilizaji wetu. Mungu awape mvua njema.